Ila ya Kuzaliwa na Jeraha la Dunia

Katika mambo ambayo mwanadamu huyahukumu kwa haraka, hakuna linalozidi ila. Jicho likiona upungufu katika kitu au katika mtu, ulimi hutangulia kuutaja, na mara nyingi kuutolea fatuwa, kabla moyo haujauliza swali lenye haki ya kutangulia maswali yote mengine, nalo ni hili: upungufu huu uliingia lini? Je, ulikuwako tangu kitu kilipoumbwa, au ulikifikia baadaye, njiani, mikononi mwa watu? Waliolishughulikia swali hili kwa uangalifu mkubwa ni kundi la watu wasiohesabiwa miongoni mwa wanafalsafa wala maulamaa, nao ni wachunguzi wa sarafu, ambao huishika senti ya kawaida, ile ipitayo sokoni kila siku bila ya mtu kuitazama mara mbili, wakaigeuzageuza mbele ya taa ili wapambanue kosa lililotendeka kiwandani na uharibifu uliotendeka duniani. Nakusudia kuonyesha kwamba elimu yao, ijapokuwa yahusu vipande vidogo vya madini, ina mafunzo makubwa ya uadilifu, na kwamba asiyejua kuzipambanua namna hizo mbili za ila hawezi kuwa hakimu mwema, wala mzazi mwema, wala jirani mwema.

Sarafu huzaliwa kwa hatua chache. Bamba la madini hukatwa visahani vya mviringo. Kila kisahani hubiringishwa katika mashine iubanayo ubavu wake hata ukainuka kidogo na kuwa ukingo. Kisha huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma cha pua, mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma, ndani ya pete ikizuiayo kisitanuke, kikapigwa pigo zito liyasukumalo madini yakajaza kila bonde la muhuri. Kwa sababu hiyo wajuzi husema kwamba kosa la kiwandani lina milango mitatu tu. Mlango wa kwanza ni kisahani: huenda kimekatwa pungufu, au kina ganda linalobanduka, au ni cha madini yasiyokusudiwa. Mlango wa pili ni muhuri: huenda umepasuka, au maandishi yake yameumbwa maradufu, au umejaa grisi na takataka hata herufi zikakosa kuchapwa. Mlango wa tatu ni pigo lenyewe: huenda kisahani kilikaa upande, sura ikatua nusu ndani na nusu nje, au kilipigwa mara mbili. Mlango wa nne si wa kiwanda. Huo ni dunia yenyewe, pamoja na misumari yake, mioto yake, tindikali zake, nyundo zake, na mikono ya watu.

Milango hiyo ikishajulikana, sarafu yenyewe huwa shahidi. Muhuri ni kinyume cha sarafu: palipo na bonde katika muhuri pana kilima katika sarafu. Basi muhuri ukipasuka kwa kuchoshwa na mapigo, madini huingia katika ufa wake, na kila sarafu itokayo hapo hubeba mstari mwembamba ulioinuka juu ya uso, aghalabu ukianzia ukingoni na kupita kati ya herufi bila ya kuziharibu. Msumari au jiwe la barabarani hufanya kinyume chake: huchimba mfereji, na madini yaliyofukuliwa yakasimama kandokando, makali kwa ukucha unaoyapapasa. Mtu awezaye kupambanua kilichoinuka na kilichozama amekwisha kuishika nusu ya elimu hii.

Nusu ya pili ni kujua kwamba kosa la asili haliji peke yake, bali huacha athari mahali pengi kwa wakati mmoja, kwa kuwa lilikuwako wakati kitu chote kilipokuwa kikiumbwa. Chukua sarafu yenye pengo la mviringo ubavuni. Ikiwa pengo hilo lilitokea kisahani kilipokatwa, kwa sababu bamba halikusogea vya kutosha na kikatio kikaligusa tundu la kisahani kilichotangulia, basi mashine ya kuinua ukingo nayo ilipata hitilafu: ilipolifikia pengo haikuwa na cha kubana, na upande wa pili ulioelekeana na pengo nao ukakosa mbano wake. Kwa hiyo mchunguzi hulitazama pengo mara moja tu, kisha huigeuza sarafu aangalie upande wa pili, na akiuona ukingo wa pale umefifia hujua kwamba pengo ni la kuzaliwa. Mwenye tupa aweza kuchonga pengo katika sarafu nzima likapendeza machoni, lakini hawezi kuufikia ukingo wa upande wa pili akaufifiza kwa namna ile, kwa sababu hakuwako siku sarafu ilipozaliwa.

Kadhalika ndivyo lilivyo tundu. Senti kumi za Afrika ya Mashariki za zama za ukoloni zilikuwa na tundu katikati, na pembe za ndovu kandoni mwake. Tundu hilo lilitobolewa kabla ya pigo, na kwa hiyo limezungukwa na ukingo laini ulioinuka, na nakshi zote zalipa nafasi yake. Tundu la keekee, lililotobolewa katika shilingi ili ivaliwe shingoni, limemkata simba aliyechorwa juu yake pamoja na herufi bila ya kubagua, likaacha ncha kali upande wa kutokea. Tena wako wabanao sarafu mbili pamoja katika jiliwa, ili herufi za moja zizame kinyumenyume juu ya uso wa nyingine, na mtu adhani kwamba ameona ajabu ya kiwandani. Lakini ajabu ya kweli ya namna hiyo, ambayo hutokea sarafu iliyotangulia ikigandama katika muhuri, huweza kuujaza uso mzima kwa sura nzima iliyogeuka, ilhali ya jiliwa hudhihirika kwa sura ya awali iliyopondwa chini ya ile ya pili.

Wala hila hizo hazifanywi kwa mchezo. Mwaka 1943, shaba ikihitajiwa kwa silaha za vita, serikali ya Marekani ilifua senti za chuma cha pua kilichopakwa zinki. Visahani vichache vya shaba vilivyosalia vikapigwa chapa ya mwaka huo, na senti hizo chache zikawa miongoni mwa sarafu zinazotafutwa mno nchini humo. Tamaa ikaamka. Wengine wakazipaka shaba senti za chuma. Wengine wakaichonga tarakimu ya 8 katika senti za 1948 hata ikasomeka kuwa 3. Ghushi ya kwanza hukamatwa na sumaku, kwa maana chuma huiitikia sumaku hata kikivikwa shaba, tena uzani wa senti ya chuma ni gramu 2.7 ilhali wa senti ya shaba ni gramu 3.11. Ghushi ya pili hukamatwa na jicho lijualo kwamba 3 ya kweli ya mwaka huo ina mkia ushukao chini kupita tarakimu nyingine. Katika hali zote mbili mwongo alibadilisha uso, lakini hakuweza kuibadilisha nasaba.

Yataka kuzingatiwa kwa nini ila mbili zinazofanana machoni huthaminiwa kwa namna mbili zisizofanana. Senti ya Marekani ya 1955 ambayo tarehe na maandishi yake yaonekana maradufu, kwa sababu muhuri wenyewe uliumbwa kwa mapigo mawili yasiyooana, huuzwa kwa bei kubwa. Na peni ishirini ya Uingereza iliyotoka mwaka 2008 bila ya tarehe yoyote, kwa kuwa muhuri wa zamani wa mbele uliunganishwa na muhuri mpya wa nyuma, nayo hutafutwa kwa hamu. Lakini senti iliyopondwa na gurudumu hainunuliwi hata kwa thamani iliyoandikwa juu yake. Watu husema kwamba sababu ni uchache, nami sikubali kwamba uchache watosha kuwa sababu, kwa maana majeraha hayafanani kamwe, na kila sarafu iliyokwaruzwa ni pekee yake ulimwenguni. Sababu iliyo ndani zaidi ni kwamba kosa la kiwandani ni habari ya kweli ya namna kitu kilivyopata kuwako, na mwenye kuisoma hujua jambo juu ya mihuri, juu ya mashine, na juu ya mafundi wa siku ile. Jeraha nalo lina habari, lakini si habari ya sarafu: ni habari ya yule aliyeijeruhi.

Mafakihi wa Kiislamu waliufikia mpambanuo huu kwa njia ya soko. Katika sheria ya mauziano iko haki iitwayo khiyari ya aibu, ambayo kwayo mnunuzi aliyekuta aibu asiyoijua katika alichokinunua aweza kukirudisha akapewa mali yake. Lakini sharti ni kwamba aibu hiyo iwe ilikuwako kabla kitu hakijaingia mkononi mwake, maana si haki muuzaji abebeshwe taksiri ya mwingine. Wawili hao wakihitilafiana, mmoja akisema aibu ni ya zamani na mwingine akisema ni mpya, madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani yetu, humsadiki muuzaji kwa kiapo chake. Hata hivyo maulamaa hawakuishia katika kiapo. Walisema kwamba aibu ikiwa ya namna isiyoweza kuzuka jana, kama kidole cha sita, mnunuzi husadikiwa bila ya kuapishwa. Na ikiwa ni jeraha bichi, ilhali kitu kilikwisha kupokewa tangu mwaka uliopita, muuzaji ndiye asadikiwaye bila ya kuapishwa. Mifano hiyo ilitokana na masoko ambamo binadamu naye aliuzwa, na pwani yetu yaujua uchungu wa masoko hayo. Lakini kanuni iliyomo ndani yake ni ileile ya mchunguzi wa sarafu, kwamba ila hubeba tarehe yake, na kwamba mwenye kuhukumu analazimika kuisoma tarehe hiyo kabla ya kumtwika mtu dhima.

Basi na tuipeleke kanuni hii kwa wanadamu, ambako ndiko inakohitajiwa zaidi na ndiko isikotumiwa. Ziko dhuluma mbili zinazotendwa kila siku kwa kukosa mpambanuo huu, na ya kwanza ni kuliita jeraha kuwa ila ya asili. Mtoto aliyepigwa hata akawa mwoga huitwa mwoga wa kuzaliwa; aliyelala na njaa hata akajifunza kudokoa huambiwa kwamba wizi umo katika damu yake; msichana aliyenyamazishwa kila alipofungua kinywa hutajwa mbele ya wageni kuwa hana akili tangu utoto. Hata umma mzima umepata kutendewa hivyo, kwa maana watu wa nchi hizi, waliotwaliwa ardhi na kutozwa kodi ya kibanda, waliandikwa vitabuni na waliowatawala kuwa ni wavivu kwa tabia. Maneno kama hayo ni matamu kwa mwenye kuyasema, kwa sababu yamwondolea lawama: ila ikiwa ya asili, hakuna mkono wa kuulizwa. Lakini asomaye alama kwa haki huuona mfereji, na kandokando ya mfereji huona uchungu uliofukuliwa, naye hujua kwamba hapa alipita mtu mwenye msumari.

Dhuluma ya pili ni kuliita umbile kuwa jeraha. Mtoto azaliwaye na mkono wa shoto hupigwa vidole hata autumie wa kulia. Mtoto kiziwi hutafutiwa mchawi aliyemfunga masikio. Mama wa mtoto asiyefanana na wenzake huulizwa alikula nini, au alimkosea nani, au alivunja mwiko gani. Wafanyao hivyo hudhani kwamba watengeneza kilichoharibika, kumbe waharibu kilichokuwa kimetimia kwa namna yake. Na kwa kuwa umbile halitengenezeki kwa kiboko, kitu pekee wanachokipata ni kuongeza jeraha la kweli juu ya jeraha la kudhaniwa. Hapo mtoto huwa na vyote viwili, umbile alilozaliwa nalo na alama za mikono iliyojaribu kulifuta, na vizazi vinavyofuata hushindwa kuvitenga.

Hapa mwenye imani atasimama aulize kwa haki: je, tuseme kwamba Muumba naye hukosea kama kiwanda kikoseavyo? Hasha. Kosa ni kukusudia jambo likaja jingine, na kusudi la Mwenyezi Mungu halipotoki. Mfano wa kiwanda wakoma hapo, wala haufai kusukumwa mbele. Lakini sarafu zenyewe zatufundisha jinsi ya kulielewa jibu hili, kwa sababu hata kwao hakuna kosa pasipo na kipimo kilichokusudiwa. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa, ambazo maandishi yake ya Kiarabu ya upande mmoja yaoana kwa vina na ya upande wa pili, zilifuliwa kwa mkono. Sura zake huenda upande, na mviringo wake si kamili, wala hakuna mjuzi aziitaye makosa, maana hiyo ndiyo kanuni ya kiwanda chake. Mwaka 1916, Wajerumani wa Afrika ya Mashariki wakiwa wamezingirwa na vita na kukatiwa njia ya bahari, sarafu zilifuliwa Tabora kwa mashine za karakana ya reli, na maganda ya mizinga yakageuzwa sarafu za heller za shaba ya njano. Taji la sarafu moja ya heller ishirini ni kubwa na la nyingine ni dogo, na herufi za moja hazilingani kwa umbo na herufi za mwenzake. Azipimaye kwa kipimo cha Berlin huona upungufu kila mahali. Azipimaye kwa kipimo cha Tabora, cha mji uliozungukwa na vita, huona sarafu zilizotimiza zilichotakiwa kukitimiza.

Basi lile tuliitalo ila ya kuzaliwa katika mwanadamu, aghalabu ni tofauti baina yake na muhuri tulioushika sisi, nao ni muhuri wa wengi, si muhuri wa Muumba. Sisemi kwamba hakuna mateso katika umbile. Mtoto azaliwaye na moyo dhaifu ateseka, na wazazi wake wateseka pamoja naye, na tabibu ana wajibu wa kumsaidia. Nasema tu kwamba msaada ni jambo moja na lawama ni jambo jingine, na kwamba umbile lastahili msaada bila ya kustahili lawama kabisa, ilhali jeraha lastahili msaada kwa aliyejeruhiwa na hesabu kwa aliyejeruhi. Atakayevichanganya hivi viwili atamlaumu asiye na hatia na kumwachilia mwenye hatia, na hakuna tafsiri nyingine ya dhuluma iliyo wazi kuliko hiyo.

Liko jambo jingine linalojulikana sana na wachunguzi wa sarafu, nalo ni kwamba mwenye sarafu chafu hana ruhusa kamwe ya kuing'arisha. Anayeisugua kwa majivu au kwa dawa ya kusafishia vyombo, akitaka ipendeze, huiondolea ngozi yake ya juu, ile iliyofanywa na miaka mingi, na badala yake huacha mikwaruzo midogo maelfu ambayo mjuzi huiona mara moja. Na thamani iliyokuwa imebaki huondoka pamoja na uchafu. Majeraha ya watu nayo hayaponi kwa kufunikwa. Familia inayomtaka aliyedhulumiwa ndani yake atabasamu mbele ya wageni ili murua wa nyumba usipotee, humsugua mtu huyo mara ya pili, na mara ya pili huuma kuliko ya kwanza, kwa kuwa sasa hata ushahidi wake umefutwa.

Inabaki hali iliyo ngumu kuliko zote, nayo ni shaka. Sarafu iliyopita mikononi mwa watu kwa miaka hamsini huweza kuchakaa hata kilichoinuka na kilichozama vikalingana, na hapo mchunguzi mwaminifu hasemi kosa wala hasemi uharibifu, bali huirudisha kwa mwenyewe bila ya hukumu. Katika fikihi iko kanuni mashuhuri kwamba yakini haiondolewi na shaka, na asili ya mtu ni kutokuwa na hatia. Kwa hiyo tunapokutana na mtu mzima ambaye ukali wake, au uzembe wake, au ukimya wake hatujui ulitoka wapi, haitupasi kubuni historia ili tuikamilishe hukumu. Kukiri kwamba alama hazisomeki tena ni sehemu ya elimu, na aliye hodari wa kutoa hukumu katika kila jambo hakuwahi kuisoma hata sarafu moja kwa makini.

Pesa ya shaba ya Seyyid Barghash wa Unguja, yenye tarehe ya 1299 Hijria, ilichorwa mizani upande mmoja, na wazee wetu waliishika kila siku wakinunua chumvi na mafuta. Mizani haipimi kwa jicho la kwanza, wala haipimi kabla ya vitu viwili kutengwa kila kimoja katika kitanga chake. Nakusihi, ewe msomaji, ufanye vivyo hivyo kwa walio chini ya mkono wako: kwa mwanao kabla ya kumwita mbaya, kwa mwanafunzi wako kabla ya kumwita mjinga, kwa mtumishi wako kabla ya kumwita mvivu. Uliza kwanza ila iliingia lini, na kwa mlango upi. Ikiwa ni ya umbile, ipokee na umsaidie mwenye nayo. Ikiwa ni jeraha, mtafute aliyelitia, na usiogope kumtafuta hata ikiwa njia yakurudisha nyumbani kwako mwenyewe.